Anemoni wa Mrija: Nasaha kwa Wanaoanza Kazi ya Vinasaba

Wengi wanaokuja kujifunza viumbe wa bahari hapa Unguja huwa na haraka ya kuingia maabara, kwa kuwa wamesikia kwamba vinasaba ndivyo vinavyoamua kiumbe awekwe kundi gani. Nawaomba muanzie mchangani. Anemoni wa mrija hajishikizi kwenye jiwe kama anemoni wa kawaida. Hujizika ndani ya mrija anaousuka mwenyewe kwa nyuzi zinazofyatuka kutoka kwenye seli maalumu, na minyiri yake imepangika kwa duru mbili, mirefu pembezoni na mifupi kuzunguka mdomo. Akiguswa hunywea mara moja, na mwenye pupa huambulia mrija mtupu. Hata hapo kwenye ghuba ya Chwaka maji yanapokupwa wakati wa bamvua, chimbeni kwa ubavuni, taratibu.

Mpigeni picha minyiri ikiwa imekunjuka. Kisha kateni ncha ya mnyiri mmoja muihifadhi katika ethanoli ya asilimia 95, na mwili uliobaki ndio uingie kwenye formalini, ambayo hulinda umbo lakini huharibu vinasaba. Chupa zote mbili ziandikwe namba moja. Hili nalisisitiza kuliko yote, kwani mfuatano wa vinasaba usiokuwa na mwili wa kurejewa hauwezi kuhakikiwa na mtu mwengine.

Mwishoni mwa karne ya 19, Édouard van Beneden, mtaalamu wa wanyama kutoka Ubelgiji, aliwaunganisha viumbe hawa na matumbawe meusi kwa kutazama kuta za ndani za buu lao linaloelea. Vinasaba viliuvunja undugu huo, lakini navyo havikutoa kauli moja: uchambuzi wa mwaka 2014 uliotegemea zaidi vinasaba vya mitokondria, yaani vijumba vya kuzalisha nishati ndani ya seli, uliashiria kwamba wako nje ya Hexacorallia, kundi lenye matumbawe magumu na anemoni wa kawaida, ilhali ule wa mwaka 2020, uliotumia mamia ya sehemu za jenomu (jumla ya vinasaba) ya kiini cha seli, uliwarejesha ndani, wakiwa tawi la mwanzo kujitenga. Mitokondria za jamaa zao hubadilika polepole mno. Za anemoni wa mrija hubadilika haraka, na mabadiliko mengi hurefusha tawi lao kwenye mti wa nasaba; tawi refu namna hiyo huweza kuvutwa pasipo mahali pake. Hata ukubwa wake si wa kawaida: jenomu ya mitokondria ya Isarachnanthus nocturnus, mmoja wa anemoni wa mrija, iliyochapishwa mwaka 2019, ina herufi za vinasaba zipatazo 81,000, ya binadamu 16,500 hivi.

Kwa hiyo mti wenu wa nasaba ukitoa jambo la kushangaza, pimeni kwanza urefu wa tawi, ongezeni jeni za kiini, kisha rudini kwenye chupa ya formalini mkahesabu kuta za ndani kabla ya kupendekeza jina jipya.