Jibu: Mke wangu ana fibromialgia, nimpeleke Dar kwa kairopraktiki?

Kaka, mpe pole sana wifi. Umesema vipimo vimetoka safi, daktari kaandika fibromialgia, yaani ugonjwa wa maumivu ya mwili mzima yasiyoisha, na sasa kuna ndugu anakushawishi umpeleke Dar kwa mtaalamu wa kairopraktiki "akarudishe pingili mahali pake". Ugonjwa huo ninao, nipo hapa hapa Dodoma, na kwa hao wanaonyoosha mgongo nimeshafika. Kama hela yako inatosha kitu kimoja, usianze na hicho.

Tuelewane kwanza kuhusu maumivu yenyewe. Kwenye fibromialgia pingili zipo mahali pake. Viungo haviliki kama kwenye baridi yabisi, ndiyo maana ESR na CRP, vile vipimo vya damu vya kutafuta uvimbe mwilini, pamoja na eksirei hurudi safi. Kilichovurugika ni namna ubongo na neva zinavyopokea taarifa, kama redio iliyofunguliwa sauti mpaka mwisho. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani waliwaingiza wagonjwa kwenye mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ubongo, huku wakiwabana ukucha wa kidole gumba. Mbano mdogo ambao kwa mtu mwenye afya si kitu, kwa wagonjwa uliamsha sehemu za ubongo zinazoshughulika na maumivu. Kuna shemeji yangu hupenda kusema najidekeza. Nilimtumia habari hiyo WhatsApp, tiki mbili za bluu, kimya mpaka leo.

Usingizi nao haushibishi. Unalala mapema, unaamka mwili umechoka kama uliyeshinda shambani, na kichwa kinasahau hadi jina la mtu mnayefanya naye kazi. Upepo wa Juni na Julai ukianza huku kwetu, mimi hata kuanika nguo ni mtihani. Mikono ikipita usawa wa mabega tu, misuli inawaka moto.

Sasa hiyo kairopraktiki. Aliyeianzisha ni D. D. Palmer, mjini Davenport, Marekani, mwaka 1895, akiamini kwamba magonjwa mengi yanatokana na pingili za mgongo kukaa vibaya. Yule niliyemwendea alikuwa na uti wa mgongo wa plastiki mezani, na kitanda ambacho vipande vyake vinashuka kimoja kimoja. Alinilaza ubavu, akanikunja goti, akaegemea kwa uzito wake: ko! Nilishuka nikiwa mwepesi kweli, sikatai. Lakini mlio ule ni gesi kwenye ute wa kiungo, hakuna mfupa uliorudi popote. Wepesi ulikaa siku chache tu, maumivu yakarudi na mizigo yao. Alipotaka kuizungusha shingo nilikataa, kwa sababu mshipa wa damu wa shingoni unaweza kuchanika ukaleta kiharusi. Hutokea mara chache, ila ikitokea imetokea. Kisha dada wa mapokezi akanitajia bei ya kifurushi cha miezi, nilipe yote kabla. Nikachukua mkoba wangu.

Si mimi peke yangu ninayesita. EULAR, chama cha Ulaya cha wataalamu wa magonjwa ya viungo, kilipotoa mwongozo wake mwaka 2017, tiba iliyopendekezwa kwa nguvu ilikuwa moja: mazoezi. Kairopraktiki haikupendekezwa. Wifi akiwa na maumivu ya kiuno peke yake, hapo ningekujibu vingine.

Najua "mazoezi" ni neno la kuudhi kwa mtu ambaye kupanda bajaji tu kunamuuma. Mtaalamu wa fiziotherapia alinianzisha na kutembea kidogo mno, kiasi cha kuona aibu, asubuhi kabla jua na vumbi havijachachamaa. Siri iko kwenye siku nzuri. Siku hiyo ndiyo unataka ufue, udeki, uende Majengo sokoni, na kesho yake huinuki. Kwa hiyo mwambie wifi siku nzuri atembee kile kile cha jana, na siku mbaya apunguze lakini asiache. Wewe beba ndoo.

Dawa ninayotumia ni amitriptyline ya dozi ndogo usiku, niliandikiwa hospitali. Karatasi ya ndani inasema ni dawa ya sonona, msishtuke. Kwa dozi hii inasaidia usingizi na kupunguza maumivu. Mdomo unakauka, na asubuhi za mwanzo unakuwa na lepe. Wapo inaowakataa, wanabadilishiwa. Hizo sindano za diklofenaki mnazosema anachoma kila akizidiwa, ziulizieni kwa daktari: hapa hakuna uvimbe wa kutuliza, na tumbo na figo ndivyo vinavyolipa.

Jambo moja linanisumbua kwenye maelezo yako. Umesema kwenu Kongwa mnafuga, na maziwa mnakunywa. Je, brusela imepimwa? Ile nayo huleta maumivu ya mwili, uchovu na homa za kuja na kuondoka, na watu wa mifugo huipata kwenye maziwa yasiyochemshwa. Tezi ya shingo ikizembea pia hufanana sana na hali hii, na TSH, kipimo cha damu cha tezi hiyo, huwa haimo kwenye vipimo vya kawaida mpaka iombwe. Akianza kukonda, kiungo kikivimba, miguu ikifa ganzi au mkojo ukimponyoka, msingoje tarehe ya kliniki, nendeni siku hiyo hiyo.

Nauli ya Dar itunze kwanza. Angalia kwenye daftari lake kama TSH na brusela vimo, uandike majibu hapa bila jina lake. Na uniambie usiku analala vipi, maana hilo hukulitaja kabisa.