Kwenye TV inacheza poa, kwenye simu kiduara tu

SWALI: Shikamoo kaka fundi. Nimechukua laptopu yangu ya zamani, Core i3 kizazi cha 4, nikaiwekea Jellyfin (ile programu ya kurushia muvi zako kwenye TV na simu za nyumbani) na hadi disiki ya muvi. TV ya sebuleni inacheza bila shida, ila muvi ileile nikiifungua kwenye simu nikiwa kitandani inaenda sekunde kumi hivi alafu kiduara, inaenda kidogo, kiduara tena. Nimenunua ruta mpya, nimepandisha kifurushi cha intaneti, bado vilevile. Mke wangu ameshaanza kuniuliza ile hela ya ruta ilikuwa ya nini. – Msomaji, Tabata

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwa shemeji hapo sitakusaidia, maana kweli ile hela imeenda bure, na ya kifurushi pia. Muvi inatoka kwenye laptopu inapita kwenye ruta inaingia kwenye simu, haitoki nje ya nyumba na wala haigusi bando. Alafu piga hesabu: faili la GB 8 la saa mbili ni kama megabiti 9 kwa sekunde, hata ruta ya kawaida inazibeba hizo, labda uwe umejificha nyuma ya kuta tatu.

Leo usiku anzisha hiyo muvi kwenye simu, alafu nenda kasikilize laptopu. Kama feni inavuma kama mashine ya kusaga, mchawi umempata. Ya kwangu ilikuwa inavuma mpaka mwanangu akauliza kwani baba umewasha blenda?

Kinachotokea ni hivi, TV inapokea faili kama lilivyo, laptopu inalisoma tu na kulituma, kazi ya mtoto. Simu ikisema mi hiki siwezi kukicheza, laptopu inalazimika kuipika muvi upya papo hapo huku wewe unaangalia. Muvi nyingi za siku hizi ni H.265, yaani zimebanwa ili faili liwe dogo, tena za biti 10, zenye rangi nyingi zaidi, na chipu za Intel zilianza kuifungua hiyo ya biti 10 zenyewe kuanzia kizazi cha 7, kwahiyo ya kwako ya kizazi cha 4 inatumia prosesa tupu, inahema, haiwahi, ndo hicho kiduara.

Sasa kwa nini simu inakataa? Fungua dashibodi ya Jellyfin muvi ikiwa inacheza, gusa alama ya taarifa kwenye kisanduku chenye jina la hiyo simu, imeandikwa sababu palepale. Watu wengi hawaendi kuangalia, wanakimbilia dukani.

Mi nabeti ni sabtaito. Zile zinazotoka kwenye Blu-ray, zinaitwa PGS, sio maandishi bana, ni picha, na pleya isiyoweza kuzichora inailazimisha seva, yaani laptopu yako, izichome juu ya video nzima, fremu kwa fremu. Zizime ujaribu. Ikicheza, tafuta sabtaito za SRT, hizo ni maandishi matupu, za muvi hiyo, zipe jina lilelile la faili, ziweke folda moja, umemaliza. Isipocheza, ingia setingi za app uangalie pleya: kama imekaa kwenye ile ya wavuti hamishia ile ya ndani ya app au VLC. Na ubora uuache kwenye oto, usishushe ukidhani unaisaidia laptopu, ukishusha ndo unaiambia ipike upya! Wa iPhone nao wajaribu Swiftfin, app nyingine ya Jellyfin, wachague pleya ya VLC, maana pleya ya Apple yenyewe haifungui mafaili ya MKV, aina ambayo muvi nyingi huja nayo.

SWALI: Jellyfin yangu nyumbani inacheza, nikitoka tu haifunguki kabisa. – Mama Mapacha, Nyali

JIBU: Pole dada. Kampuni nyingi za intaneti zinawagawia wateja kibao anwani moja ya IP, kwahiyo ukiwa nje hakuna njia ya kuifikia seva yako. Weka Tailscale, app inayoviunganisha vifaa vyako kama viko nyumba moja, kwenye seva na kwenye simu, ingia kwa akaunti ileile, alafu kwenye app tumia ile anwani inayoanza na 100 badala ya ile ya nyumbani, na mwishoni uandike :8096, ndo namba ya mlango wa Jellyfin. Ila huku nje bando linaliwa kweli, megabiti 4 kwa sekunde ni GB 1.8 kwa saa. Na kama seva ni laptopu, angalia setingi isilale ukifunga kifuniko, mi nilihangaika na hilo wiki nzima nikilaumu mtandao.