Gharama ya lenzi huanzia kwenye mchoro

Nilipokuwa nikitengeneza kifaa cha kupima rangi ya majani ya chai ya Rungwe, niliagiza lenzi kutoka ng'ambo kwa mchoro niliouchora hapa Mbeya, na bei niliyoletewa ilizidi gharama ya kifaa kizima. Kosa lilikuwa langu. Kwa kuogopa kuletewa lenzi mbovu, nilikuwa nimejaza vipimo vikali kila mahali: uso usiopotoka zaidi ya sehemu moja ya kumi ya urefu wa wimbi la mwanga, mikwaruzo ya daraja la 10-5 (namba ya kwanza ni ya mikwaruzo, ya pili ya vijishimo, na zikiwa ndogo uso huwa safi zaidi), na kipenyo kisichozidi wala kupungua kwa zaidi ya mikromita 5, yaani milimita 0.005.

Kinachopandisha bei mara nyingi si kioo chenyewe, bali ni saa za fundi. Kwa mwanga wa leza nyekundu ya nanomita 632.8, sehemu hiyo ya kumi ni kama nanomita 63 tu. Ili aifikie, fundi hung'arisha kidogo, husubiri kioo kipoe kwa sababu joto la msuguano hukitanua, hupima, kisha huanza tena, na mkwaruzo mmoja wa dakika ya mwisho humrudisha nyuma kabisa. Lenzi yangu ilikuwa na kazi ya kukusanya mwanga wa taa ya LED juu ya jani, ambayo daraja la 60-40 linaitosha bila shida. Daraja la 10-5 tuwaachie wenye leza kali, ambao kwao kijishimo kidogo huweza kuunguza uso wa lenzi.

Kipenyo ndicho kilichonichekesha baadaye. Kishikizo cha lenzi nilikikerezesha Mwanjelwa, na nilipokipima kwa vernia nikakuta tundu limezidi kwa milimita 0.1, yaani mara 20 ya usahihi niliokuwa tayari kuulipia.

Kwa hiyo pima kwanza kishikizo, ndipo uandike kipenyo. Usichore lenzi nyembamba mno, kwa kuwa kioo cha kipenyo cha milimita 50 na unene wa milimita 3 hupinda kikiwa kwenye mashine. Waulize pia watengenezaji wana vioo vya kupimia vya mipindo ipi ya uso wa lenzi, kisha uchague ulio karibu na wako, maana ukitaka mpindo mpya utalipia na kioo cha kuupimia.

Katika mchoro wa pili, kipimo cha uso nilikiwekea mpaka wa asilimia 90 ya kipenyo, pale mwanga unapopita, na kwenye kipenyo chenyewe niliandika kwamba kinaweza kupungua kwa milimita 0.1, ila kisizidi.