Landrova ya Jeshi la Uingereza: namba kwanza, hadithi baadaye

Landrova nyingi zilizostaafu Jeshi la Uingereza huuzwa pamoja na vita vyake. Hii ilikuwa Falklands mwaka 1982, ile ilikatiza jangwa la Kuwait mwaka 1991, nyingine ilibeba makomando. Huenda ni kweli. Ila magari mengi ya jeshi yalikuwa na maisha ya kawaida sana: bohari, kikosi, mazoezi, karakana, bohari tena, mnada. Ukitaka kujua lako lilipita wapi, hadithi ya muuzaji iandike pembeni, kisha utafute namba mbili: ya chasisi na ya usajili wa kijeshi. Namba ya kiraia iliyo kwenye gari leo haitakusaidia hapa. Ilitolewa baada ya jeshi kuliuza.

Kwenye matoleo ya zamani yaitwayo Series II, IIA na III, namba ya chasisi imegongwa kwenye kishikio cha springi ya mbele, upande wa kulia. Mara nyingi imezikwa chini ya matope, grisi na matabaka ya rangi. Tumia mafuta ya taa na brashi laini ya waya, polepole. Usiguse kwa grainda, kwa sababu maandishi hayakuzama sana, na namba inayoonekana kuchezewa ni balaa siku ya kusajili au kuuza. Pakiwa pakavu sugua chaki, futa juu kwa kiganja, na chaki itabaki ndani ya tarakimu. Mulika tochi kwa ubavu, piga picha.

Sasa linganisha na bamba lililo ndani ya gari. Zikitofautiana usikimbilie kudhani ni wizi. Chasisi za Landrova huoza, na nyingi zimebadilishwa, ama na karakana za jeshi ama na wamiliki waliofuata. Tazama bamba lenyewe limefungwa vipi: skrubu mpya zinazong'aa katikati ya rangi ya zamani zinaonyesha kwamba liliwahi kung'olewa. Namba ya injini usiipe uzito mkubwa. Jeshi lilibadilisha injini kama mtu anavyobadilisha tairi, kwa hiyo injini isiyolingana ni jambo la kawaida, na ikilingana baada ya miaka arobaini basi una bahati.

Usajili wa kijeshi ulioanza mwaka 1949 ulikuwa na umbo moja: tarakimu mbili, herufi mbili, tarakimu mbili. Herufi ndizo za kutazama kwanza. Jozi inayoanza na A huelekeza Jeshi la Anga, RN ni Jeshi la Majini. Hayo mawili usianze nayo kwenye kadi za Jeshi la Nchi Kavu, yaani kumbukumbu za kila gari na vikosi lilikopita. Kwa gari la Jeshi la Anga (RAF), ulizia kwanza Makumbusho ya RAF yaliyopo Hendon, London.

Kama namba haionekani popote, imo ndani ya rangi. Itafute mbele na nyuma, mahali ambapo ingesomeka barabarani. Chukua msasa wa maji namba 800, ndoo ya maji yenye sabuni kidogo, na uchague kidirisha kisichozidi sentimita 10 kwa 10. Sugua kwa mzunguko, futa, tazama, sugua tena. Shida inayowapata wengi ni haraka: tabaka lenye namba ni jembamba kama karatasi, na ukishalipita huwezi kulirudisha. Ukiona kivuli cha herufi, acha msasa, lowesha pale, upige picha kabla ya kuendelea. Usisugue pakavu hata kama unaona maji yanakuchelewesha, maana rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi na vumbi lake ni sumu. Vaa barakoa.

Namba iliyofukuliwa namna hii husomeka vibaya. B hugeuka 8, G hugeuka C, 3 na 8 hufanana. Orodhesha kila uwezekano badala ya kuchagua unaoupenda.

Tena kumbuka kwamba bodi ya Landrova ni vipande vinavyofunguliwa kwa boliti. Mlango hutoka kwa dakika chache, na mafundi wa kikosi walichukua mlango wa gari lililokufa wakaupachika kwa lililo hai bila kumuuliza mtu. Kwa hiyo nembo ya kikosi uliyoikuta chini ya rangi ya mlango inathibitisha historia ya mlango. Ukiikuta nembo hiyo hiyo kwenye madigadi na nyuma ya bodi pia, hapo pana neno. Rangi nayo ina mipaka yake. Kijani cha shaba iliyokolea (namba 224 katika orodha ya rangi ya Uingereza, BS 381C) kilitangulia, baadaye kikaja kijani cha NATO chenye mabaka meusi. Rangi ya mchanga ikilalia juu ya kijani hicho inaweza kuwa ya Ghuba ya 1991, na inaweza kuwa ya mmiliki aliyependa picha za Ghuba.

Ukishakuwa na namba, andika barua mbili. Ya kwanza iende British Motor Museum, Gaydon, wanaotunza leja za kiwanda. Cheti chao kitakupa tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya kutoka kiwandani na ilikopelekwa. Leja inaishia mlangoni pa kiwanda, haitakuambia kikosi. Lakini cheti hicho ni cha maana kwa sababu nyingine: kitabu cha gari cha Uingereza, V5C, huonyesha tarehe ya usajili wa kwanza wa kiraia, na gari la mwaka 1972 linaweza kuandikwa 1985. Msamaha wa kodi ya barabara kwa magari yaliyotimiza miaka 40 huhesabiwa tangu kutengenezwa, kwa hiyo unahitaji ushahidi.

Barua ya pili iende makumbusho ya Royal Logistic Corps, kikosi cha ugavi cha jeshi, Worthy Down, karibu na Winchester. Huko ndiko ziliko kadi za magari yasiyo ya deraya. Kadi hupangwa kwa namba ya usajili wa kijeshi, ndiyo maana ukiomba kwa chasisi pekee unawapa kazi ya kutafuta sindano. Ulizia ada ya sasa kabla ya kutuma, ambatanisha picha ya chasisi na ya bamba, na utaje kila namna namba inavyoweza kusomeka.

Kadi ikifika, jambo la kwanza si vikosi. Tazama namba ya chasisi iliyoandikwa juu yake. Inalingana na yako? Basi ni kadi yako. Hailingani? Umeletewa maisha ya gari lingine, hata yawe matamu kiasi gani. Rudi kwenye ile orodha ya B na 8.

Baada ya hapo soma tarehe kwa mfuatano. Majina kama Ashchurch, Hilton na Ludgershall ni bohari za magari. Gari likikaa humo miezi 18, lilikuwa limeegeshwa. BAOR ni jeshi la Uingereza lililokuwa Ujerumani. Vikosi mara nyingine huonekana kwa namba ya utambulisho, yaani herufi moja na tarakimu nne, ambayo itabidi uitafutie jina. Mwishoni huja tarehe ya kuondolewa kwenye orodha. Kadi ikikatika ghafla katika miaka ya 1980, mara nyingi gari liliendelea kutumika na kumbukumbu zikahamia kwenye kompyuta, katika mfumo ulioitwa Merlin. Kwa kipindi hicho unaweza pia kuiandikia Wizara ya Ulinzi ya Uingereza chini ya Sheria ya Uhuru wa Habari ya mwaka 2000. Sheria inawapa siku 20 za kazi kujibu. Uliza swali jembamba: namba hii ya usajili, vikosi na tarehe. Ukiomba "taarifa zote" unajitafutia kukataliwa.

Kadi ikisema gari lilikuwa la redio, FFR, yaani la volti 24, na lako ni la volti 12, hilo halipingani. Wanunuzi wa kiraia walibadilisha umeme kwa sababu vipuri vya volti 24 ni ghali. Tafuta matundu ya antena kwenye madigadi ya mbele na alama za meza ya redio nyuma.

Kadi inakuonyesha gari lilikuwa kwa nani. Haisemi lilifanya nini. Hilo linatafutwa kwenye kumbukumbu za kikosi, Kew, London, katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka. Faili za WO 305 zina historia za vikosi baada ya Vita Kuu ya Pili, na WO 276 ni karatasi za Kamandi ya Afrika Mashariki, kama kadi imekuelekeza Nairobi kabla ya uhuru. Kadi ya msomaji ni bure, na unaruhusiwa kupiga picha kurasa kwa simu yako. Usitarajie kuiona namba ya gari lako humo. Ni nadra sana. Unachotafuta ni kikosi kilikuwa wapi kati ya tarehe mbili zilizo kwenye kadi. Kama kikosi kilikuwa Falklands mwaka 1982 lakini gari liliingia kikosini mwaka 1984, vita vya muuzaji vimeishia hapo.

Ukifika hatua ya kupaka rangi, chagua mwaka mmoja ulio kwenye kadi na upake nembo, rangi na namba za mwaka huo tu. Kosa linaloonekana kila maonyesho ni rangi ya 1965 yenye nembo ya kikosi cha 1978. Namba ya kijeshi unaweza kuiandika kwenye bodi, ila kwa barabara za Uingereza kibao cha kiraia lazima kiwepo mbele na nyuma.