Tazama herufi kabla ya divisheni

Swali la wiki: "Mwanangu kapata Divisheni ya Tatu kidato cha sita. Chuo kikuu kitampokea?"

Divisheni peke yake haiwezi kukujibu. Fungua matokeo, usome herufi za somo mojamoja.

Mkanganyiko unaanzia kwenye neno "pointi". Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) huhesabu A kuwa 1, B 2, C 3, D 4, E 5, S 6 na F 7, likajumlisha masomo matatu ya tahasusi, yaani mchepuo aliousomea mwanafunzi. Huko pointi chache ndizo nzuri: 3 hadi 9 ni Divisheni ya Kwanza, 13 hadi 17 ni ya Tatu. Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) huhesabu kinyume: A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1, S nusu. Sharti lake la chini kwa shahada ya kwanza ni prinsipo mbili, yaani ufaulu wa E kwenda juu (S haihesabiwi kuwa prinsipo), zenye jumla ya pointi 4 katika masomo mawili ambayo kozi yenyewe inayataka.

Sasa chukua vijana wawili, wote Tatu ya 15. Mmoja ana D, D, F. Mwenzake ana E, E, E. Yule mwenye F anafikisha 4 za TCU. Huyu ambaye hakufeli somo hata moja anaishia 2 kwa masomo mawili, mlango umefungwa. Inauma, lakini hesabu ndiyo hiyo.

Na Divisheni ya Kwanza nayo isiwalevye wazazi. Mwanafunzi wa PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) mwenye A ya Baiolojia, B ya Kemia na S ya Fizikia ana Wani ya 9. Udaktari wa binadamu hapati, kwa sababu kozi hiyo hudai prinsipo tatu, Fizikia ikiwemo. Vivyo hivyo mtu wa EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati) mwenye C ya Jiografia, E ya Uchumi na S ya Hisabati: pointi 4 anazo, ila kozi inayotaka prinsipo ya Hisabati haimhusu.

Masomo ya ziada, GS (General Studies) na BAM (Basic Applied Mathematics), hayamo kwenye pointi hizo. Hata hivyo kozi kadhaa humtaka asiye na prinsipo ya Hisabati aonyeshe ufaulu wa BAM, au wa Hisabati ya kidato cha nne, kwa hiyo msikiweke mbali cheti hicho cha zamani. Waliomaliza 2014 na 2015 wana kipimo chao cha pointi za TCU: C ni 2, D ni 1.

Aliyepungukiwa anaweza kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mwenye prinsipo moja na S moja anaweza kusoma stashahada, kisha akaomba shahada kwa wastani wa alama (GPA) usiopungua 3.0. Mimi ningemshauri njia hii yule ambaye tahasusi ilimshinda tangu kidato cha tano. Kurudia Fizikia ileile bila mwalimu ni kujitesa.

Kufikisha sharti la chini si kupata nafasi. Kozi zenye waombaji wengi huchukua wenye pointi za juu kwanza, hivyo mwenye 4 kamili asijaze kozi hizo tupu kwenye fomu. Akichaguliwa vyuo viwili au vitatu, lazima athibitishe kimoja kwa namba ya siri atakayotumiwa, ndani ya muda uliotangazwa. Namba hiyo huja kwa simu au barua pepe aliyojisajilia, kwa hiyo asitumie laini ya kuazima.