Kadi ya dola 89 haikuwa bima

SWALI: Shangazi, shikamoo. Nilihama Dallas kuja Lowell, Massachusetts, mwezi wa nne mwaka jana. Natunza wazee kupitia mawakala wawili, na hakuna anayenipa bima. Mwezi wa sita nilipigiwa simu nikauziwa kadi ya afya, dola 89 kila mwezi. Sasa najaza kodi, naulizwa fomu ya 1099-HC, ile ya kuthibitisha kuwa ulikuwa na bima ya afya, na sikuletewa. Binamu yangu wa Dallas anasema nitulie, Trump alishafuta faini ya kukaa bila bima ya afya. Mama mwenye nyumba anasema nitatozwa. Nimsikilize nani? – Msomaji, Lowell

JIBU: Marahaba, mwanangu. Msikilize mama mwenye nyumba. Binamu yako hakudanganya, ila anasema habari za faini nyingine. Ile ya serikali kuu ilifanywa sifuri kuanzia 2019, kwa sheria ya kodi iliyopitishwa Desemba 2017. Texas haikuweka ya kwake, ndiyo maana yeye analala usingizi. Massachusetts ilikuwa na sheria yake ya kumlazimisha mtu awe na bima hata kabla ya Obama kutia saini ya kwake ya nchi nzima: aliyeitia saini ni gavana Mitt Romney, mwaka 2006, na watu wazima wakaanza kubanwa Julai 2007. Haikufutwa hadi leo.

Sasa tuje kwenye kadi, maana hapo ndipo roho inaponiuma. Huku najazia watu kodi kila msimu, na kadi hizi nimeziona mpaka nazitambua kwa rangi. Isome nyuma, kwa maandishi madogo. Ukikuta imeandikwa kuwa hii si bima, basi ulinunua punguzo, kama kuponi ya duka la viatu. Jimbo linataka bima inayolipia daktari, hospitali, dawa, uzazi na afya ya akili, kwa viwango walivyoviweka wenyewe. Kampuni yenye bima ya namna hiyo ndiyo hukuletea 1099-HC. Wako hawakuleta kwa sababu hawana cha kuleta. Simamisha makato yao leo, usingoje mwisho wa mwezi.

Je, utatozwa? Mgeni hupewa nafasi: wewe uliyeingia Aprili, sheria ilianza kukuhesabu tarehe 1 Julai. Pengo la miezi mitatu mfululizo au pungufu halina faini, lakini kama ulifika Desemba na kadi ile tu, umelipita. Kwa hiyo angalia kipato chako. Asiyezidi asilimia 150 ya kiwango cha umaskini cha serikali kuu hatozwi kitu, na kwa saa za kuokoteza kwa mawakala wawili huenda na wewe umo. Ukizidi, faini hupanda kwa kadiri ya kipato, na haivuki nusu ya bei ya mpango nafuu kabisa ambao ungeweza kuupata kwenye soko la bima la jimbo, Health Connector.

Usijaze kwamba ulikuwa na bima. Nasema hivyo kwa sababu najua kuna atakayekushauri. Kwenye Schedule HC, ile fomu ya bima inayoambatana na kodi ya jimbo, kuna kiduara cha kukata rufaa. Kijaze, faini isubiri. Baadaye utaletewa barua ya kukutaka ueleze sababu kwa maandishi. Wengi hushindwa rufaa hapo hapo, barua inakaa juu ya friji mpaka muda unapita. Eleza habari ya kadi, ambatisha taarifa za benki, na kama mwaka huo ulipewa notisi ya kuhama au ya kukatiwa umeme, taja. Kushinda siwezi kukuahidi.

Wakati huo huo omba bima ya kweli kupitia Health Connector. Ombi ni moja tu; wao ndio watakaoangalia kama unastahili MassHealth, bima ya jimbo kwa wenye kipato kidogo, ambayo hupokea watu mwaka mzima. Nyumbani bima ya lazima mtu aliyeajiriwa hukatwa mshaharani kabla hajaiona hela. Huku wanakuachia mwenyewe, halafu wanakuuliza wakati wa kodi.

Umeniuliza pia, chini ya barua, kuhusu mdogo wako wa Jersey City. New Jersey nayo ina sheria yake tangu 2019, na mtu mzima aliyekaa mwaka mzima bila bima wala msamaha huanzia dola 695. Fomu zao ni nyingine kabisa, asinakili za kwako.