Je, Wajapani Hujenga kwa Mbao Bila Misumari?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi seremala wa Kirumba, Mwanza. Mteja amenionyesha kwenye simu picha za jengo la Japani, akasema kwamba lote ni mbao tupu na halina hata msumari mmoja. Anataka nimjengee kando ya ziwa banda la wageni la mtindo huo. Je, jambo hilo ni la kweli, na paina yetu italiweza?

JIBU: Ndugu fundi, ni kweli kwa majengo machache, na kwa mengine sifa imepita kiasi. Lililo karibu zaidi na maneno ya mteja wako ni makumbusho na kituo cha utafiti cha GC Prostho kilichopo Kasugai, kilichosanifiwa na Kengo Kuma na kukamilika mwaka 2010. Kuma alianzia kwenye mchezo wa watoto wa mji wa Hida Takayama, Japani, uitwao chidori, ambao ni vijiti vitatu vilivyochongwa katikati: viwili hupishanishwa, cha tatu hupenyezwa mahali hapo hapo, kisha huzungushwa kama ufunguo na vyote vikabanana. Alivikuza vijiti hivyo vikawa mbao za sentimita 6 kwa 6, zikafumwa kuwa wavu unaobeba jengo. Chonga vijiti vyako vitatu kabla ya kumjibu mteja, kwani patasi itakueleza haya vizuri kuliko mimi.

Lakini lile duara kubwa la mbao alilosanifu Sou Fujimoto kwa maonesho ya dunia ya Osaka ya mwaka 2025, lililokuwa na mzingo wa takriban kilomita 2, lilikuwa na vyuma ndani ya viungo vyake. Kiungo chenyewe kilikuwa cha kale, kiitwacho nuki, ambapo boriti hupenya tundu la nguzo na kukazwa kwa kabari. Uwanja wa Taifa wa Tokyo wa mwaka 2019 nao una kenchi za chuma zilizoambatanishwa na mbao. Mimi sioni aibu yoyote hapo, maana chuma kilichowekwa mahali pake hakiipunguzii mbao heshima.

Kwa banda dogo, nuki inakutosha, na paina inaweza kuifanya kazi hiyo mradi iwe imekauka. Mbao mbichi ukiichonga leo, tundu na ulimi vikabanana sawasawa, itasinyaa baada ya wiki kadhaa na kiungo kitalegea. Hapo utakimbilia misumari. Kwa hiyo mbao zipange kwanza kivulini zikitenganishwa kwa papi ili hewa ipite, zitie dawa, na uache vichwa vya kabari nje ili uzigonge tena baadaye.

Nguzo usizifukie ardhini. Wajapani wa zamani walizisimamisha juu ya mawe, na mawe Mwanza hatuyakosi. Mchwa akitaka kupanda, itambidi ajenge njia yake ya udongo juu ya jiwe, nawe utaiona asubuhi ukifagia.